Mama, Umemeza Yangu?

Dada yangu Ok-bun ana watoto watatu, na kila Sikukuu ya Mavuno wanashindana kumpenda. Mwaka huu walishindana kwa vitamini. Kyung-chul, mkubwa, alileta kalsiamu yenye vitamini D, ya mifupa. Suk-hui akaleta vitamini D kali kutoka ng'ambo, ya kinga. Tae-sik, kitinda mimba, akaleta vidonge vya mchanganyiko wa kila kitu. Chupa zote zilifungwa kwa kitambaa cha hariri.

Mimi naishi na dada hapa mjini Daegu tangu mume wangu afariki. Sikujaliwa mtoto.

Simu za video zikaanza, asubuhi na jioni.

"Mama, umemeza yangu?"

"Bado, mwanangu. Nakusubiri wewe uone."

Uongo mtupu. Alishameza. Anameza tena, anaachama mbele ya simu ili mtoto aridhike. Zawadi ya mtoto haimezwi kimyakimya kama dawa ya kununua mwenyewe. Mwingine akipiga, anameza tena.

"Dada, hizo si karanga," nikamwambia.

"Wivu huo, Mal-sun. Wewe nani atakuletea?"

Iliniuma. Nikaendelea kupaka pilipili kabichi ya kuchachusha.

Baridi ilipoingia, akawa anakunywa maji jagi zima na kiu haiishi. Akatapika, choo kikagoma. Asubuhi moja akanitazama kwa furaha. "Mama, umerudi?"

Mama yetu alikufa sisi tungali wasichana. "Mimi Mal-sun!" nikamfokea. Akaanza kulia.

Watoto wakaja. "Akili imekwisha," Kyung-chul akasema, mama yake amekaa palepale. "Tumtafutie nyumba ya wazee."

Suk-hui akajifuta machozi. "Huko wataruhusu tumpelekee vitamini?"

Nilitamani kumzaba kofi. Walipoondoka nikatia chupa zote kwenye mfuko, nikamkokota dada hadi hospitali. Daktari akasoma vibandiko, akampima damu.

"Zote tatu zina vitamini D," akasema. "Ikizidi, kalsiamu inajaa kwenye damu, inavuruga akili na kuua figo. Huu si uzee. Aache zote. Figo zimeshaumia. Akirudia, sidhani kama zitahimili."

Wakamtundikia maji ya mishipa. Siku zikapita, hadi alipoonja kabichi yangu akauliza ni mjinga gani aliyetia chumvi vile. Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Dada yangu alikuwa amerudi.

Nikawapigia watoto mmoja mmoja. Wote walinijibu sawasawa, kana kwamba walipanga: "Basi, Mama mdogo, aache za wenzangu."

Kwetu dawa hazitupwi na taka. Nikazifunga mfukoni, nikaziweka roshani ili nizipeleke duka la dawa, kwenye sanduku la kukusanyia dawa zisizotumika. Jumapili, kabla sijatoka, watoto wakapiga simu wote kwa pamoja, nyuso tatu kwenye kioo kimoja.

"Mama, chupa yangu siioni mezani," akasema Tae-sik.

"Nimeziondoa mimi," nikajibu. "Mnamuua mama yenu."

"Mama mdogo, usiyejua kuzaa utajuaje uchungu wa mtoto?" Suk-hui akalia kwa kwikwi. "Mama, kama hututaki, sema tu."

"Nitakuja sikukuu ijayo kufanya nini?" akasema Kyung-chul.

Dada aliinuka. Nilidhani anakwenda kunitetea, masikini mimi. Alikwenda roshani, akarudi na mfuko, akaufungua kwa meno. Nikamshika mkono.

"Dada, umesikia daktari alivyosema!"

"Niache, Mal-sun. Daktari hatakuja sikukuu."

Akameza kimoja cha kila chupa, akaachama mbele ya simu, akaugeuza uso huku na huku ili wote watatu waone. Wakampigia makofi.

Hakuniruhusu tena kuzigusa. Simu zikaendelea, asubuhi na jioni. Kabla baridi haijaisha, jagi la maji likarudi kando ya kitanda chake. Siku moja nilimletea uji, akanishika vidole, akatabasamu.

"Mama, umerudi?"

"Nimerudi, mwanangu," nikasema, nikampa maji.