Udongo wa Kichuguu

Asubuhi ile Renatus alimkuta mama mkwe wake amepiga magoti uani, anasiriba pevingi, vile vitofali vya kutandika chini.

Pevingi zile Renatus alizitengeneza mwenyewe, kwa chupa za plastiki na madumu mabovu aliyoyaokota kwenye mitaro ya Kitete, akayayeyusha na kuyachanganya na kokoto ili zibaki na vitundu, mvua izame chini. Ua wa mkwewe huyo, Mama Adelina, uliinamia nyumba. Kila masika maji yaliulamba ukuta wa tofali mbichi wa chumba chake cha kulala, na ukuta ulikwisha kutoa tumbo. Mvua moja nzito tu, chumba kingekwenda.

Sasa mama wa watu alikuwa anaviziba vitundu vyote kwa udongo wa kichuguu, ule usiopitisha hata tone.

"Shikamoo, mama," alisema langoni, macho chini.

"Marahaba, baba." Alimgeuzia mgongo kwa heshima. "Umenikuta nakustiri. Kesho wageni wa kanisani wanakuja, wasije wakasema mkwe wangu kaniwekea vitu vilivyotoboka."

"Mama, maji…"

"Ya kunywa yapo mtungini."

Katika ukoo ule mkwe humsalimia mama mkwe, basi. Kumsahihisha ana kwa ana ni kumvua nguo. La kusema lilipitia kwa mke, na mkewe, Levina, alikuwa Sikonge kufuata asali, simu haipatikani. Akapiga, akapiga tena. Angekuwa na ujeuri kidogo angeingia akamnyang'anya ule udongo. Hakuwa nao, na alijichukia.

Jua liliukausha udongo ukawa mgumu. Alasiri mvua ikashuka. Renatus, barazani kwa jirani, aliyatazama maji yakiteleza juu ya kazi ya mikono yake na kwenda kujaa ukutani. Mama Adelina alitoka na godoro kichwani. Ukuta ukakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Kesho yake Levina alirudi, akaingia kwa mama yake, akamletea mumewe ujumbe langoni.

"Mama anasema usijilaumu. Kuna vitundu vilimponyoka. Angeviziba vyote, maji yasingeingia chini ya ukuta."

Sasa mke alikuwepo, na njia ya kusema ilikuwepo. Lakini angemwambiaje mama yule kwamba amekibomoa chumba chake mwenyewe, kwa kumstiri mkwe? Alimwona kule ndani, ameketi juu ya godoro lililolowa, amewapa mgongo, anangoja jibu.

"Mwambie asante," akasema Renatus.