Shairi Lililosomwa Kwenye Bendera ya Tomekichi

Mwalimu Hirukawa Teizo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kutamka neno "sijui". Miaka yote aliyofundisha kuandika kwa brashi katika mji ule wa milimani, watu walimletea vibao vya makaburi, barua za mababu, hata karatasi zilizotafunwa na panya, naye alizisoma zote. Zile alizoziweza alizisoma kwa sauti ya kawaida. Zile zilizomshinda alizisoma kwa sauti nzito zaidi. Mkewe Fumie aliijua tofauti, na mwenyewe aliijua vizuri kuliko Fumie, lakini watu wengine wote walidhani ule uzito ni elimu.

Kwa hiyo Bwana Odagiri, mwenyekiti wa chama cha familia zilizopoteza watu vitani, alipomletea bendera iliyotoka Marekani, sauti nzito ilikuwa imeshakaa kooni ikisubiri zamu yake.

Ilikuwa bendera ya hariri, nyeupe yenye duara jekundu, ya aina waliyopewa vijana walioitwa vitani, na ndugu na majirani walikuwa wameizungushia majina na maneno ya kutakia ushindi. Askari wa Kimarekani aliichukua kwenye maiti, katika kisiwa walikopigana, akaiweka kabatini mpaka naye akafa, ndipo mjukuu wake akaona airudishe. Jina la hekalu la mji lilisomeka. Jina la mwenye bendera lilikuwa limeliwa na doa, likabaki la ukoo tu, Nezu, na katika mji ule ukirusha jiwe huwezi kumkosa Nezu.

"Yupo bibi mmoja, Nezu Kiyono," Odagiri alisema. "Anasema ni ya kaka yake, Tomekichi. Lile sanduku la mifupa waliloletewa baada ya vita lilikuwa na jiwe ndani, basi. Hana kitu kingine cha kaka yake. Ila ushahidi hana, na nikimpa hivi hivi, akina Nezu wengine watanijia juu."

"Niachie mimi."

"Tafuta chochote humo kitakachotuonyesha ni ya nani. Tukikosa, itakaa kwenye kabati la vioo pale ukumbini. Na bibi mwenyewe macho hayaoni tena, moyo nao unamsumbua. Tusikawie, Mwalimu."

"Nimesema niachie."

Majina aliyasoma bila taabu, na maneno ya ushindi ndiyo yale yale yaliyoandikwa kwenye kila bendera. Lakini chini ya duara palikuwa na maandishi manene yaliyojikunja na kurudi yalikotoka, na hayo yalimkalia ngumu. Aliyatazama mpaka chai ikapoa na figili za chumvi zikakauka kwenye kisahani.

Fumie alipita na fagio, akachungulia. "Hapo pameandikwa nini?"

"Huo ni mwandiko wa mabingwa, mama. Brashi hainyanyuki toka mwanzo mpaka mwisho. Si kila mtu anausoma."

"Mimi naona tambi zimemwagika."

"Ndiyo maana wewe hukufundisha."

"Na wewe uliyefundisha umeona nini?"

Hirukawa alikuwa hajaona kitu. Lakini mchana ule aliona herufi moja iliyofanana kidogo na "ua", na kutoka hapo mambo yakamnyookea. Herufi iliyokataa kuingia aliisukuma kama mguu kwenye kiatu kidogo. Kufikia jioni alikuwa na shairi zima: *Nianguke pamoja na maua, nisisubiri kuliona tunda.* Pembeni palikuwa na alama nyeusi, naye akaamua ni muhuri wa mtawa wa hekalu, umechujuka kwa jasho la vita. Alilisoma shairi lile peke yake, machozi yakamtoka, na kwa kweli alimwonea wivu yule mtawa. Yeye mwenyewe maisha yake yote hakuwahi kutunga kitu kizuri hivyo.

Shairi halikusema bendera ni ya Nezu gani. Jambo hilo dogo lilimpita kabisa.

Chama kikaandaa mhadhara ukumbini. Hirukawa alivaa vazi lake rasmi la kijivu, akaliandika shairi upya kwenye karatasi ndefu kuliko yeye, akalitundika kando ya bendera. Alipolisoma kwa ile sauti, watu walitoa leso. Hata Odagiri alipenga kamasi. Hirukawa aliinama kupokea heshima yake, na akainama mara nyingine kwa niaba ya mtawa.

Ndipo bibi mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa ameegemea fimbo, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Mimi ndiye Kiyono. Hilo shairi liko upande gani wa duara?"

"Chini, Bi Kiyono. Kushoto kidogo."

"Kando yake pana alama za vidole?"

"Pana muhuri wa mtawa."

"Ehee. Na watawa wa siku zile walikuwa na mihuri ya vidole vinne?"

Hirukawa aligeuka kuutazama muhuri. Ulikuwa na vidole vinne, vidogo kama maharage, vimepangana.

"Bendera ilitandazwa kwenye mkeka, watu wakaizunguka pande zote," bibi alieleza, akiwa amegeuza uso mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Nilikuwa sijaanza shule. Nikaona kila mtu anapewa brashi, mimi tu ninarukwa. Kaka akanipa. Mama alipoona akanichapa kofi la bega, nikapepesuka, nikashika kitambaa kwa mkono wenye wino. Hilo unalolisoma nimeliandika mimi."

Wachache walicheka. Odagiri alimgeukia Hirukawa. "Mwalimu? Ndivyo?"

Hirukawa alijua kabisa la kusema. Mtoto yeyote angeweza kuegemea kitambaa kando ya shairi la mtawa. Maneno yalishafika ulimini, mazito na mazuri, na ukumbi mzima ungemwamini. Bibi angerudi kwake mikono mitupu, bendera ingeingia kwenye kabati la vioo, na shairi lingesomwa kila mwaka. Akaitazama ile michoro. Brashi ilikuwa imekandamizwa mpaka nywele zikatawanyika, vile anavyofanya kila mtoto siku ya kwanza. Mikono kama ile aliishika na kuielekeza maisha yake yote, na alipokutana na kazi yake akaiita ya bingwa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ni mtoto," alisema. "Muhuri ni vidole vyake. Bendera ni ya Tomekichi."

"Na shairi?" Odagiri aliuliza.

"Nimelitunga mimi."

"Lote?"

"Lote. Na mtawa pia."

Mtu akacheka nyuma kabisa, naye alikuwa Fumie. Baada ya hapo ukumbi mzima ulicheka. Hirukawa aliona afadhali acheke nao, akajikuta anacheka kweli.

Odagiri akaitungua bendera, akaiweka kwenye mapaja ya bibi. Bibi aliipapasa polepole, kama anayemtafuta mtu kitandani gizani. Hirukawa akapiga magoti mbele yake.

"Bi Kiyono, uliandika nini?"

"Nilikuwa sijui kuandika, Mwalimu."

"Ulikusudia nini, basi?"

"Ah. Watu wazima waliandika ushindi, waliandika afe kwa heshima. Kiongozi wa mtaa alikuwa amekaa pale pale, kwa hiyo neno lile jingine hata mama hakuthubutu. Mimi sikujua kama linakatazwa. Nikaandika arudi kabla ya theluji."

Hirukawa alikumbuka karatasi yake ndefu ukutani, iliyomwomba kijana yule yule aanguke na maua. Alitamani mtu aishushe.

"Hakuna aliyeweza kulisoma," alisema. "Hata mimi."

"Kaka aliweza," Kiyono alisema. "Nilipotaka kumnong'oneza sikioni aliniambia hakuna haja ya kumwambia, ameshalisoma."