Deni la Meno Yasiyouma

Mahali cherehani ilipokuwa palibaki alama nne za miguu kwenye saruji na vipande vya nyuzi vilivyokanyagwa. Linah alisimama mlangoni, mfuko wa vitambaa ungali begani, akizitazama alama hizo kama mtu anayetazama kitanda cha mgonjwa aliyeondolewa wodini bila jamaa zake kuambiwa. Kisha akasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba. Haikuwa kubweka. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukatikakatika, iliyonyamaza kila mbwa alipovuta pumzi.

Sajini, mbwa wao, alikuwa amelala chini ya mpera, mnyororo wake ungali umefungwa shinani. Mguu wa nyuma ulikuwa umegeukia upande usio wake. Alipomwona Linah alijaribu kutikisa mkia, na adabu hiyo ndogo, katika maumivu yale, ndiyo iliyomkata Linah maini.

"Mama Chemutai, umefika." Aliyesema alikuwa jirani yake, Wacuka, aliyesimama ng'ambo ya ua wa michongoma huku mikono ingali na unga. "Walikuja vijana wawili wa mkopo. Nikawaambia wangoje urudi, wakaniambia nichunge sufuria yangu. Huyu alikuwa anabweka tu, si unaona amefungwa? Yule mrefu, Kimeli, akaokota mtaimbo wenu hapo kwa ukuta akamtwanga."

"Mbwa alikuwa amemfikia?"

"Amfikie na nini? Mnyororo ulikuwa umeishia huku. Ni yeye aliyemwendea mbwa."

Linah alipiga magoti. Maneno ya mwisho ya Wacuka yalimwingia polepole, yakakaa. Ni yeye aliyemwendea mbwa.

Kwa miaka miwili Linah alikuwa mdaiwa mwenye heshima kuliko wote mtaani Matisi, pengine Kitale nzima. Mkopo ulichukuliwa mama mkwe wake alipolazwa Eldoret. Mama mkwe alipona, akarudi kwake, na deni likabaki hapa kama mgeni aliyesahau njia ya kwao. Kila wiki Linah alilipa kabla ya kununua nyama, kabla ya kununua sukari. Simu ya ofisi ikilia alishusha sauti, akaomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya, na mwishoni akawashukuru. Aliwashukuru! Aliposhindwa kulipa mara hii, kwa sababu shule iliyoagiza sare ilikuwa haijamlipa, aliwapigia mwenyewe mapema. Wakamwambia hakuna shida, wangengoja hadi Ijumaa. Walikuja Jumatano, saa ambazo walijua yuko sokoni. Tena hawakuchukua kochi wala runinga. Walichukua kile kitu kimoja ambacho kingewalipa.

Mganga wa mifugo wa pale mjini aliutazama mguu bila kuugusa. Alisema sindano ya kumlaza mbwa moja kwa moja haikuwa ghali, na kwamba upasuaji, kama mtu aliutaka kweli, ulifanyiwa Kanduyi, kule Bungoma, kwa Daktari Wakhungu, na gharama yake ingeweza kulipa mkopo kwa miezi miwili.

Jioni hiyo Kiptum, mumewe, alirudi kutoka shamba la mahindi alikofanya kibarua. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana na sauti isiyolingana nayo. Alikaa karibu na Sajini, akamlisha uji kwa kiganja, kisha akasema bila kuinua macho:

"Mama Chemutai, tumwache apumzike. Huyu ni mbwa. Na sisi tuko na deni."

"Najua ni mbwa. Sijasema ni askofu."

"Sasa?"

"Alikuwa amefungwa, Baba Chemutai. Angekuwa amefunguliwa ningenyamaza. Ningesema alitafuta vita, akapata. Lakini alikuwa amefungwa."

Kiptum hakujibu. Alikuwa na tabia ya kulikubali jambo kwa kunyamaza na kulikataa kwa kunyamaza, na baada ya miaka yote hiyo ya ndoa Linah bado hakujua kutofautisha kimya kimoja na kingine.

Huenda Linah angekubali hatimaye. Alikuwa amechoka, na uchovu humfanya mtu aone busara katika mambo mengi. Lakini asubuhi ujumbe uliingia katika simu yake. Ofisi ya mikopo ilimjulisha kwamba deni lake limeongezeka. Alikuwa ametozwa gharama ya kusafirisha cherehani hadi ofisi kuu Bungoma, pamoja na gharama ya matibabu ya afisa aliyeumwa na mbwa wake akiwa kazini, sindano zote za kuzuia kichaa cha mbwa.

Alisoma mara moja. Akaiweka simu juu ya meza, akatoka nje, akarudi, akasoma tena. Alijipapasa paji la uso, akadhani anaugua. Hakuwa ameizoea hasira kiasi cha kuitambua. Walikuwa wameingia nyumbani mwake naye hayupo, wakambebea mkate wake, wakamvunjia mbwa, na sasa walitaka alipe nauli ya cherehani iliyochukuliwa na dawa ya kidonda kisichokuwepo. Kama angelipa hili, wangemtoza nini kesho? Jasho la waliobeba? Chai waliyokunywa njiani?

Siku hiyohiyo shule ilimlipa pesa za sare. Zilikuwa zimehesabiwa kwa ajili ya mkopo hadi shilingi ya mwisho. Linah alimwendea Kibe, mume wa Wacuka, aliyekuwa na pikapu ya kubebea kabeji, akamwomba nafasi. Walimlaza Sajini juu ya magunia matupu, Linah akaketi nyuma pamoja naye, na safari yote hadi Kanduyi aliushikilia mguu ule uliovunjika kwa mikono miwili ili usigonge bodi.

Daktari Wakhungu alikuwa mzee mfupi aliyezungumza na wanyama zaidi ya wenye wanyama. Alimpapasa Sajini, akaguna.

"Mfupa umesagika hapa. Siwezi kuuunga, mama. Nitaukata mguu. Atatembea kwa mitatu."

"Ataishi?"

"Ataishi. Wewe ndiye utalia zaidi yake." Akataja bei. Alipoona uso wa Linah akaongeza, "Lipa ulicho nacho. Kingine utaleta kidogokidogo. Ulimgongesha gari?"

"Watu wa mkopo walimpiga na chuma."

Daktari aliacha kunawa mikono. Alimtazama Linah kwa muda, kisha akamtazama mbwa, kana kwamba anataka wote wawili wathibitishe. "Haya," alisema hatimaye, akaanza kunawa upya.

Usiku ule Linah hakumwambia mumewe uongo. Alimwambia pesa za mkopo zimeenda wapi, kwamba sasa wana deni mahali pawili, na kwamba siku ya kumchukua Sajini angepitia ofisi kuu. Kiptum alinyamaza. Lakini siku ilipofika, Linah alimkuta amekwisha kuketi ndani ya pikapu ya Kibe, amevaa koti lake la kanisani.

Walimchukua Sajini kwanza. Alikuwa amekonda, na pale mguu ulipokuwa pamefungwa bendeji nyeupe iliyomfanya aonekane amevalishwa kwa sherehe asiyoijua. Kibe alisimamisha gari mbele ya ofisi ya mikopo, akaenda kutafuta wateja wa kabeji zake. Kiptum alibaki ndani ya gari na mbwa mapajani.

"Huingii?" Linah aliuliza.

"Wewe nenda. Mtu akae na mbwa."

Alijua sababu haikuwa mbwa. Ilikuwa aibu, ileile aliyoijua yeye mwenyewe, inayomfanya mtu mzima apunguze urefu wake mbele ya meza ya kijana. Hakumlaumu.

Ndani kulikuwa na benchi refu lililojaa watu, wengi wao wanawake, wamekaa kwa ule utulivu wa kungoja kufokewa. Nyuma ya meza ya mbele alikuwa Kimeli, kijana mrefu mwenye fulana ya kampuni iliyopigwa pasi vizuri.

"Mama, kaa kwa foleni."

"Sitakawia. Mimi ndiye mwenye yule mbwa wa Kitale. Nimekuja kwa sababu ya sindano zako."

Kimeli alitabasamu. "Sawa. Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kuona. Silipii kitu ambacho sijakiona. Inua suruali."

"Ati nini?"

"Inua suruali nione alipokuuma."

Kimeli alicheka, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye, asimpate. "Mama, hii ni ofisi, bana."

"Na ile ilikuwa nyumba yangu."

"Ilishapona."

"Ndani ya siku hizi chache? Basi nionyeshe kovu. Mguu wowote. Chagua wewe."

Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Haikuwa ya kupayuka, ila ilikuwa imeacha kuinama. Alikuwa amefikiri kwamba mtu aliyekasirika kwa haki huhisi nguvu. Yeye alihisi hofu, na katikati ya hofu hiyo mahali pamoja pagumu ambapo maneno yalikuwa yakitoka.

Kimeli hakuinua suruali. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Mlinzi alisogea kutoka mlangoni, akafika karibu na Linah, kisha akasimama tu, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Ndipo mlango wa ndani ulipofunguka na meneja akamwita.

Aliitwa Emmy, mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ya upole uliofundishwa. Alimpa Linah kiti.

"Mama Linah, tumalize kama watu wazima. Hizo gharama za sindano nitazifuta leo. Nauli pia nitafuta. Cherehani utaipata kesho Kitale. Wewe unatia sahihi hapa tu kwamba huna malalamiko yoyote."

"Na mguu?"

"Mguu gani?"

"Wa mbwa. Umekatwa. Nimelipa nusu, nusu nadaiwa."

Emmy alivua miwani. "Pole sana. Lakini kampuni haina fungu la mbwa."

"Mlikuwa na fungu la mbwa mlipokuwa mkinidai mimi."

Meneja alisukuma karatasi mbele kidogo. "Bila sahihi siwezi kuitoa cherehani. Ndiyo utaratibu."

Linah aliitazama kalamu. Alifikiria sare zilizokuwa zikimngoja, Januari iliyokuwa karibu, wazazi ambao wangeenda kwa fundi mwingine na wasirudi. Ilikuwa sahihi tu. Angeiandika, wangempa cherehani yake, na mambo ya chini ya mpera yangekuwa hayakutokea. Wangekuwa na karatasi yake kusema hayakutokea. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaufungua hadi mwisho. Watu wote wa benchi waligeuza nyuso.

"Niambie tena, meneja," alisema. "Sikusikia vizuri. Mlinidai pesa za jeraha ambalo halipo, na sasa nisipoandika kwamba nimeridhika, mtashikilia mashine yangu? Ni hivyo?"

Emmy alitazama benchi. Benchi lilimtazama.

"Cherehani italetwa kesho," meneja alisema kwa sauti ya chini. "Nenda nyumbani, mama. Funga mlango."

Linah aliuacha wazi.

Jua la nje lilimpiga machoni. Kiptum alikuwa ameshusha kioo cha gari. "Wamesemaje?"

"Cherehani inarudi. Sindano wamefuta. Mguu wamekataa."

Kiptum alitikisa kichwa. Sajini alikuwa amelala, pua ndani ya kwapa la koti la kanisani. "Umesema kwa nguvu," Kiptum alisema. "Nimesikia mpaka hapa." Linah hakujua kama hiyo ilikuwa sifa au lawama, naye hakuwa na nguvu ya kuuliza. Mkopo wenyewe ulikuwa palepale. Deni la Kanduyi nalo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Alitaka kufika nyumbani, avue viatu, asiseme neno na mtu hadi kesho.

"Mama! Ngojea kidogo."

Mwanamke mmoja alikuwa amewafuata kutoka ndani, mmoja wa wale wa benchi, mtu mzima, amejifunga leso kiunoni. Alifika akitweta.

"Mimi ni wa Ndalu," alisema. "Hawa watu walichukua ng'ombe yangu, mimi nikiwa matanga. Niliporudi wakaniambia niweke kidole kwa karatasi, ati nimempeana mwenyewe. Nikaweka." Alitazama mikono yake. "Kesho nitarudi hapa. Nilikuwa nauliza kama wewe utakuwa njia ya huku."

Linah alishika ukingo wa pikapu. Hakuwa na njia ya huku. Alikuwa na sare za kushona, na mbwa wa kubadilishwa bendeji, na cherehani ya kungojea kesho. Alitafuta namna ya kusema hivyo bila kumuumiza.

Nyuma yake mlango wa gari ulifunguka. Kiptum alikuwa amemnyanyua Sajini taratibu, akamhamishia upande wa pili, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Keti, mama," alimwambia yule mwanamke. "Huyo ng'ombe alikuwa wa rangi gani?"

Mwanamke alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya nyumbani katikati ya ugenini.

"Mwekundu," alisema. Kisha akainua mkono, akajigusa katikati ya paji la uso wake mwenyewe. "Na hapa, hapa alikuwa na weupe kidogo."