Mkono wa Daktari, Mkia wa Kiporo

Fundi cherehani aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo ili daktari wa mifugo, aliyekuwa mji wa pili, amwone Kiporo vizuri. Paka huyo alikuwa amegoma kula tangu juzi, tumbo limemjaa kama mto. Binti wa fundi alimshikilia, machozi yakimlengalenga.

"Mama, kwa kuangalia tu siruhusiwi kuandika dawa," alisema daktari. "Kanuni mpya inataka nimshike mgonjwa."

"Si umshike basi."

Daktari akakunja shati, akautoa mkono nje ya simu mpaka kwenye kiwiko. Binti akauamkia. Fundi akaunawisha kwa sabuni, maana mgeni ni mgeni. Mkono ukabonyeza tumbo taratibu, Kiporo akaukwaruza.

"Minyoo. Asipoanza dawa leo, tutakuwa tunazungumza mengine."

Muuza dawa wa jirani hakutaka kuponzwa na kanuni, akamwita mkaguzi wa mifugo. Mkaguzi akaja, akapeana mkono na ule mkono, wakajuliana hali. Kisha akainama kuchungulia chini ya meza.

"Miguu yake iko wapi?"

"Iko kwake," alisema fundi.

"Basi hajafika. Mkono si daktari."

Wakajaribu kumvuta bega, lakini simu ilikuwa ndogo na daktari alikuwa mtu wa kushiba. Fundi, ambaye hakuzoea kulaza kazi, akampitisha paka badala yake: kichwa, tumbo kwa taabu, mkia mwisho. Daktari akampokea, akamshika akiwa na miguu yake yote miwili, akampa dawa. Haikupita wiki, Kiporo alikuwa anamwibia daktari chakula.

"Sasa arudi," alisema binti.

Mkaguzi alikuwa amepita kunywa chai. "Mnyama akivuka mji lazima awe na kibali."

"Kinatolewa wapi?" aliuliza fundi.

"Hakijaanza kutolewa."

Binti alijikuna goti, akiwaza. "Anko, mkono si daktari, eti?"

"Si daktari."

"Basi na mkia si paka."

Mkaguzi akakiweka kikombe chake chini. "Si paka," akakiri.

Tangu hapo, kila jioni simu hulazwa kwenye zulia, na mkia wa Kiporo hutoka. Binti huuchana kwa kitana huku akiusimulia ya shuleni. Ukichoshwa na hesabu, humpiga kofi dogo la shavu. Mkaguzi akija huuruka kwa adabu asiukanyage, huvuta kiti, huomba sukari. Kibali bado hakijaanza kutolewa.