Na Mwisho Wako?

Nianze kwa kukiri: sipendi kudanganywa kwenye fomu. Kila miezi mitatu ofisi yetu hapa Toronto huwauliza maswali wakopeshaji tisa. Hawa huwakopesha wenye majengo madogo ya maduka, kisha hufunga mikopo hiyo mafungu mafungu na kuwauzia wawekezaji hatifungani zake. Swali lenyewe hasa ni hili: mnakopesha asilimia ngapi ya thamani ya jengo?

Uncle Hussainali, mmoja wa hao tisa, hujibu hamsini. Miaka sita sasa, hamsini. Wenzake nao humo humo, basi ripoti yetu husema hamsini, na bosi wangu huipamba kwa grafu ya rangi ya samawati.

Shangazi yangu Daulat ana jengo la maduka manne Downsview, na mkopo wake unaisha mwezi ujao. Asipopata mkopo mpya wa asilimia sitini na tano, analiuza. Alipomwendea Hussainali, mzee alifungua ripoti yetu na kuligonga jedwali kwa kidole.

"Daulatbai, si mimi, ni soko. Utafiti hausemi uongo."

Nilichemka. Mtu anatupa namba yake, tunamchapia vizuri, halafu anaigeuza shahidi! Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya vitenge ya mama yangu, Arusha. Mfanyabiashara gani wa kwetu anataja bei ya kweli mara ya kwanza? Hamsini ni ya kufungulia mazungumzo tu, na sisi miaka yote sita tulikuwa tunaiandika na kwenda zetu.

Nikamwomba bosi ruhusa ya kuongeza swali moja kwa kila mkopeshaji. Alikubali, akidhani ni utaalamu. Kuhusu shangazi hakuuliza, nami sikusema.

Hussainali alipokea simu kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Fifty percent. We are very conservative, my dear."

Kisha nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mteja aliyekwisha kushika pochi: "Na mwisho wako, Uncle?"

"Sitini na tano," akajibu papo hapo.

Halafu akacheka kidogo. "Haya, andika. Mimi ni mmoja tu kati ya tisa."

Asichokijua ni kwamba saba kati ya hao tisa wamelelewa madukani Kariakoo na Mombasa. Wote saba waliteleza pale pale, kwenye sitini na tano.

Ripoti ilitoka Jumatatu. Jumatano nilimchukua shangazi kwake Pickering, nikaingia naye ofisini kwa Hussainali kumshikia koti. Mzee akaanza wimbo wake, akaifungua ripoti mpya bila kuisoma.

"Daulatbai, si mimi, ni soko." Akagonga kidole. Kidole kikabaki hapo hapo kwenye jedwali.

Shangazi alivaa miwani, akasoma taratibu. "Sitini na tano. Na utafiti hausemi uongo."

Hussainali alinigeukia mimi. Nikatazama theluji dirishani. Moyoni nilifurahi mpaka machozi yakanilenga: jengo limepona. Nikamfungulia shangazi koti lake ili twende.

Akausukuma mkono wangu, akajiweka sawa kitini.

"Hiyo ya kitabuni nimeiona, Hussainalibhai. Na mwisho wako?"