Fungua Mdomo Tu

Mimi herufi r siiwezi. Nimesema, tumalizane. Kuiandika naiandika, hapa mnaiona imesimama vizuri tu, lakini ikifika mdomoni inageuka l. Kwetu Mtowisa, kule bondeni, hakuna aliyewahi kunicheka, maana nyumba nzima ya baba yangu, mzee Shigela, tunasema hivyohivyo na ng'ombe wetu wanatuelewa. Taabu ilianza nilipopanda kuja Sumbawanga mjini, kwenye sekondari ya serikali ambayo watu wanaiita Shule ya Muziki. Hesabu tunafeli kwa pamoja, ila kwaya yetu ikisimama hata waliosinzia parokiani wanaamka.

Siku ya majaribio nilichaguliwa. Mwalimu Urbano, bwana mkubwa wa kwaya na tai yake ya maua, alisema nina sauti ya kupasua bati. Kesho yake akatugawia wimbo aliotunga mwenyewe: "Rukwa yetu, ardhi ya rutuba, karibu raha na furaha." Jamani! Mtu mzima na akili zake anajaza r zote hizo za nini? Nikaimba, "Lukwa yetu, aldhi ya lutuba." Kwaya nzima ikavunjika mbavu.

"Debora," akasema mwalimu, "wewe utafungua mdomo tu. Sauti usitoe."

Basi miaka miwili nikafungua mdomo tu. Nilisimama mstari wa pili, nyuma ya Cornelia, binti wa mtaa wa Kasense hapa mjini, aliyepewa kipande cha kuimba peke yake, nikipanua taya kama mtu anayekula ugali wa hewa. Iliniuma, sitaficha. Na kwenye simu nikawa namdanganya baba: "Baba, ninaimba mbele kabisa." Naye, mzee wa watu, akaitangaza habari hiyo Mtowisa yote mpaka mnadani. Halafu akasema atakuja siku ya wazazi, anisikie kwa masikio yake.

Akaja kweli. Ilikuwa Julai, upepo wa Ufipa unakata masikio, na baba yuko kiti cha mbele na fimbo yake na koti la kuazima. Dakika mbili tu za kunitazama zingemtosha kujua kwamba mwanawe ni mwongo.

Sasa baridi hiyohiyo ndiyo iliyomkamata Cornelia. Asubuhi ile koo lake lilikuwa linatoa mlio wa bawaba isiyopakwa mafuta. Mwalimu Urbano akashika kichwa. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mbali, alikwishakaa na chupa ya maji amefunguliwa.

"Nani anakijua kipande cha Cornelia?"

Cornelia akaninyooshea kidole, akanong'ona, "Debora. Miaka miwili ananipumulia kisogoni nacho."

"Huyu wa Lukwa?"

"Huyohuyo."

Mwalimu akanitolea macho. "Ukikutana na r, iruke."

Niiruke! Wimbo ule ukiruka r unabaki na nini, "Ukwa yetu"? Nikaenda mbele, nikamwona baba amekaza shingo ananingoja. Nikaimba yote, l kwa l, kwa sauti iliyofungiwa miaka miwili. Lukwa, aldhi, lutuba, kalibu, laha, fulaha, sikubakiza kitu. Huko nyuma wakaanza kucheka na mimi sikujali hata kidogo. Baba akasimama, machozi yanamtiririka, akapaza sauti, "Wabeja! Wabeja sana!", asante ya Kisukuma chetu hiyo, na fimbo anaitikisa nusura amtoboe jicho mwenyekiti wa bodi.

Mwalimu Urbano alikuwa amefumba macho kama anachomwa sindano. Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akasema, "nimefulahi sana. Huyu binti ameimba vizuli kabisa."

We! Vicheko vyote vikakatika, hata kukohoa hakuna aliyethubutu. Mwalimu Urbano ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, akapiga mpaka saa ikamchomoka mkononi.

Jumatatu akaingia mazoezini anang'aa. "Mgeni rasmi ameupenda sana ule mtindo. Kuanzia leo wote tunaimba Lukwa."

Tukaimba Lukwa, wenye r zao na wasio nazo. Aliyeshindwa ni Cornelia. Sauti ilikuwa imemrudia, lakini kila akijaribu inatoka Rukwa tupu, na ndimi hazibadilishwi kwa tangazo. Mwalimu alitusimamisha mara tatu.

"Cornelia, wewe fungua mdomo tu. Sauti usitoe. Debora, njoo mbele."

Siku hiyo nilikuwa naiota miaka miwili, naapa. Nikaenda mbele na furaha yangu yote. Nikageuka, nikamwona Cornelia anapanua mdomo, mishipa ya shingo imemsimama, macho yamejaa maji. Sura ile naijua, nimeivaa mimi. Hasira ikanipanda mpaka utosini.

Mwalimu akainua mikono. Nikafungua mdomo, nikatoa hewa.

Akarudia. Hewa tena. Mstari wa kwanza wakaniangalia, wakaelewa, wakazima sauti. Ukafuata wa pili, kisha besi kule nyuma. Midomo arobaini wazi, hakuna hata mlio, na mwalimu wetu katikati anapepea mikono kama anafukuza nzi.

"Mnafanya nini nyinyi?"

"Tunafungua mdomo tu, mwalimu," nikasema.

Akatutazama mmoja mmoja. Akatoa leso akajifuta jasho, Julai ile ya kutetemeka. Akaikunja, akairudisha mfukoni, akaangalia chini.

"Haya," akasema, pole pole. "Cornelia, anza."

Cornelia akaanza na r yake, ndefu, ya makusudi. Mimi nikampokea na l yangu.