Hataza ya Mrija

Haya nitakayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa meno niliyobaki nayo, na kwa afya ya jirani yeyote atakayebisha. Nimewaona watu wakianza habari zao bila kiapo, halafu wanashangaa kwa nini hawasadikiwi.

Jina langu ni Sylvère, mstaafu, mkazi wa Cibitoke, mtaa wa mji wetu wa Buja. Zamani nilikuwa mtunza ghala. Ghala gani sitaji, kwa sababu baadhi ya mizigo yake bado inatafutwa. Shule niliiacha mapema. Umeme, hesabu na kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua vitu vya watu na kuvirudisha na skrubu pungufu. Kila alasiri naketi kwa Saliha, mama anayechoma mukeke, samaki wa ziwa letu, karibu na karakana za wachomeleaji, na hapo ndipo nasimulia.

Kwa Saliha kuna sheria moja. Mtu ana ruhusa ya kusema lolote. Lakini akitokea mwenye ushahidi kwamba aliyoyasema si kweli, huyo huchukua kijiko, hugonga mfuniko wa sufuria, na msemaji huwanunulia mukeke wote waliopo. Bila ushahidi hugongi. Mimi nilikuwa sijawahi kugongewa, na siri yake ni nyepesi: mashahidi wangu nilikuwa nawachagua miongoni mwa marehemu.

Sasa tuje kwa Elvire. Ni binti wa jirani yangu, mhandisi wa kompyuta, aliyeacha kazi ya benki ili atengeneze kitu chake mwenyewe. Wateja wake ni akina mama wanaovuka mpaka kwenda Uvira na kurudi, wakiuza vitenge na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Akina mama hao walianza kuweka akiba ya pamoja kwa sarafu za mtandaoni, zile ambazo huwezi kuzifunga kwenye pindo la nguo. Shida yao ilikuwa kwamba aliyeshika neno la siri ameshika kila kitu. Huyo akiamka vibaya, kikundi kizima kinalala njaa.

Elvire alipata jibu huko milimani kwao, kwenye sherehe ya kumaliza matanga ya babu yake, akiwaangalia wazee wakinywa impeke, pombe ya mtama. Chungu kimoja katikati, kila mzee na mrija wake. Hakuna anayeanza peke yake. Na anayevuta kupita kiasi anaonekana, kwa sababu pombe inashuka mbele ya macho ya wote. Akarudi mjini akatengeneza hazina ya mtandaoni yenye adabu hiyo hiyo. Haifunguki mpaka wanachama walio wengi waweke vidole kwenye simu zao kwa pamoja, na kila mmoja anaona, popote alipo, kimo cha sarafu kikishuka. Anayejaribu kuvuta peke yake, mrija wake unaziba palepale. Aliiita Mrija, akaiombea hataza, yaani ile haki ya serikali inayosema kitu hiki ni chako na mwingine asikitumie bila kukuomba. Sisi mjini tunasema breve.

Kampuni moja ya ng'ambo iliutaka Mrija bila kuomba. Ilikuwa na njia moja tu ya kuupata, nayo ni kuonyesha kwamba kitu chenyewe si kipya. Sheria ya hataza haiulizi nani ana akili zaidi, inauliza nani alionyesha kwanza. Akipatikana mtu aliyekionyesha hadharani kabla ya Elvire, breve inakufa, na kampuni inachukua yote bure.

Wakati huohuo, mimi nilikuwa nawaambia watu kwa Saliha kwamba Mrija niliubuni mimi.

Sikuwa na nia mbaya. Nilimsikia binti anasifiwa, nikaona sifa zimekuwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Nikasema kwamba zamani, ghalani, tulikuwa na kompyuta kubwa kama friji mbili, na mimi niliifunga nyaya kama mirija, moja kwa kila mkubwa wa kazi, ili kulinda mali isiyoshikika.

"Mali isiyoshikika, wakati ule?" aliuliza Mugisho. Mugisho ni rafiki yangu, mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, muuza viatu vya mitumba.

"Ile iliyokuwepo kwenye karatasi tu," nikamjibu. "Ghalani tulikuwa nayo nyingi kuliko ile ya kweli."

Watu walicheka. Shahidi wangu alikuwa marehemu mkuu wa ghala. Hakuna aliyegonga. Elvire mwenyewe hakuwa na la kunikanusha, maana wakati ninaousema alikuwa hajazaliwa.

Simulizi nzuri haihitaji nauli. Hii yangu ilifika Mutanga Nord, mtaa wa wenye pesa, kabla sijamaliza kuipamba, na siku moja akatokea avoka, yaani wakili, wa ile kampuni, kijana anayeitwa Gaël, koti la bluu, na viatu ambavyo Mugisho alivitazama kwa heshima.

"Ni wewe muzee Sylvère? Nimekutafuta sana. Kumbe mwanzilishi mwenyewe anakaa hapa na anakula ndagala kama mutu wa kawaida!"

Hakuna aliyewahi kuniita mwanzilishi. Nilimwomba arudie kwa sauti, kwa ajili ya waliokaa mbali. Alirudia. Akaeleza kwamba Jumamosi atakuja kurekodi maneno yangu mbele ya watu, nayo yatapelekwa kwenye ofisi inayoamua habari ya breve. Nilikubali kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Kesho yake asubuhi Elvire alisimama mlangoni kwangu. Nilimkaribisha, akakataa kukaa.

"Tonton," akaniita, kama mtoto anavyomwita mjomba, "swali moja tu. Ulifanya kweli?"

"Mutoto wangu, mambo ya zamani unajua..."

"Kama ulifanya, mi nimeshindwa. Nitarudi benki nikaombe kazi, na wale mama watalipishwa na wageni kwa kitu nilichowatengenezea mi. Sitakukasirikia. Kama apana, sema apana mbele ya avoka. Ni neno moja."

"Nitasema ukweli," nikamwambia.

Akaondoka bila kujua nilimaanisha ukweli upi. Hata mimi nilikuwa bado sijachagua.

Jumamosi watu walijaa kwa Saliha mpaka wengine wakakalia matairi. Gaël aliegemeza simu yake kwenye kopo la chumvi, akaniambia nianze. Nikaanza na kompyuta, nikaja kwenye nyaya, na nilipoona watu wananyamaza kwa utamu nikamwingiza kiboko. Kiboko alitoka ziwani, akaingia ghalani, akakanyaga waya mmoja, na kengele zikalia nyumbani kwa wakubwa wote kwa mpigo.

"Kiboko tumuache," akasema Gaël.

"Kiboko ndiye aliyethibitisha usalama wa mtambo."

"Tumuache, muzee. Nyaya zinatosha."

Akawa ananipogoa hivyo hivyo kama mkulima anavyopogoa mibuni. Kila tawi lililorefuka alilikata, mpaka kikabaki kishina kifupi, kinyoofu, ambacho ofisi yoyote ingekisadiki. Sikuwahi kuona simulizi yangu ikiwa fupi na ya hatari namna ile.

"Nani aliona?" akauliza.

"Marehemu mkuu wa ghala."

"Mwingine?"

"Marehemu msaidizi wake."

"Muzee, ofisi inataka aliye hai. Hakuna hata mmoja?"

"Ghala lile lilikuwa na hewa mbaya," akasema Mugisho kwa upole, na watu wakacheka.

Elvire alikuwa ameketi upande wa pili wa jiko, macho chini. Nilijua anachongoja. Sikuhitaji hata kusema apana. Ningenyamaza tu, avoka angekosa shahidi, na mambo yangeishia hapo. Lakini simu ilikuwa inanitazama, watu wa kwenye matairi wananitazama, na mwanzilishi asiye na shahidi hana tofauti na mlevi wa kituo cha basi. Kunyamaza kulinishinda.

"Mugisho," nikasema. "Mugisho aliona. Nilionyesha kwenye harusi yake mwenyewe. Chungu cha impeke katikati, wazee wameshika mirija, na kila mrija nimeufunga waya mpaka kwenye redio yangu. Akivuta mmoja peke yake, redio inapiga kelele. Ukumbi mzima uliona."

Gaël aliigeuza simu taratibu, ikamwelekea Mugisho.

"Ni kweli, muzee?"

Mugisho alikuwa anatafuna. Ni rafiki yangu, na kwa desturi yetu rafiki akikuita ushahidi mbele ya mgeni, unaitika kwanza, mnagombana baadaye. Neno moja lake lingetosha kuiua breve. Alimeza. Akafuta vidole, kimoja baada ya kingine. Akanitazama mimi, akamtazama Elvire, ambaye sasa alikuwa amefumba macho. Halafu akanyoosha mkono, akachukua kijiko, akagonga mfuniko.

"Sylvère, mi nilioa Bukavu. We na mi tulijuana hapa Buja, watoto wangu wakiwa tayari wanaenda masomo."

"Labda nilikuwa nimepita Bukavu kwa safari..."

"Na sisi ni walokole. Kwa harusi yetu hakukuwa pombe hata tone, pasta angetufukuza wote na bibi harusi. Chungu gani? Tulikunywa Fanta."

Hapa wasomaji wanivumilie. Mrundi akisikia neno harusi, anaona chungu na mirija kabla hajamwona bibi harusi. Mimi nimezaliwa hivyo, nimekua hivyo. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba kuna binadamu wanaooana kwa Fanta.

"Fanta nayo ina mirija!" nikasema.

Elvire akafumbua macho.

"Kila mutu na chupa yake, papa Mugisho?"

"Kila mutu na chupa yake. Tena watoto walikuwa wanaficha zao chini ya viti."

"Basi hiyo siyo Mrija, tonton. Hiyo ndiyo shida yenyewe iliyonifanya niutengeneze. Kila mutu anavuta yake, na hakuna anayemwona mwenzake." Akamgeukia Gaël. "Hiyo umeirekodi, avoka? Ipeleke kama ilivyo."

Gaël alikuwa ameshaitia simu mfukoni. Kampuni haikupata shahidi mwingine, na Elvire alipewa breve yake kabla mvua hazijakwisha. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile kwa Saliha hakuna aliyekuwa anafikiria ofisi.

"Yeee! Muzee amegongewa!" Saliha alipiga makofi mpaka majivu yakaruka. "Niliomba Mungu nisife sijaiona siku hii!"

Gaël aliinuka aondoke. Saliha akamwonyesha benchi kwa uma wa kugeuzia samaki.

"Na we avoka, kaa. Sheria yetu inasema wote waliopo."

Akakaa.

Nilisubiri kelele zipungue. "Sikilizeni," nikasema. "Haya yote niliyapanga. Nilimtaja Mugisho makusudi, ili anikamate mbele ya simu, na mutoto wetu apate breve yake."

"Makusudi?" akauliza Elvire.

"Makusudi kabisa. Tangu siku ya kwanza."

Alinitazama, na kwa kitambo nikadhani amenisadiki, uso wake ulilainika kidogo. Saliha akachukua kijiko, akagonga mfuniko mara ya pili.

"Ushahidi?" nikamuuliza.

"Mutu aliyepanga kukamatwa hakimbilii Fanta."

Ikaamuliwa kwamba kwa kosa la pili nitaongeza ndizi za kukaanga.

"Na leo unalipa kwanza," Saliha akasema, akikunja mikono juu ya aproni. "Sipulizi makaa mpaka nimeona pochi."

Nikaitoa pochi. Elvire alisimama mbele ya beseni akachagua, bila haraka, mukeke mkubwa kuliko wote, Mugisho akachukua uliofuata, na waliokalia matairi wakaanza kupanga foleni. Nikalipa samaki. Nikalipa ndizi. Avoka akaomba pilipili na maji baridi, akasema kwa heshima kwamba hana chenji, na hivyo navyo vikawekwa kwangu.